Uzoefu wangu na detekta ya masafa mengi: mpangilio wa uwanjani haufai ufukoni

Nimekuwa nikitumia kigunduzi hiki cha metali, ambacho wengi wetu tumezoea kukiita detekta, kwa misimu minne sasa, na katika misimu miwili ya mwanzo nilikilaumu kwa makosa yaliyokuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa nikikiwasha, nikipandisha usikivu hadi mwisho, kisha nikizunguka nacho kila mahali kwa mpangilio uleule, uwe ni uwanja wa nyasi, shamba lililolimwa au ufuko. Sitataja chapa, kwa kuwa mashine nyingi za daraja hili la kati zina vitufe vinavyofanana. Ninachotaka kukipima hapa ni jambo moja tu: mtu anapohama kutoka eneo la aina moja kwenda la aina nyingine, je, mashine hii inakubali kupangwa upya upesi, na mpangilio huo mpya unamsaidia nini?

Kwa ufupi, nilichonacho ni mashine yenye koili, yaani ile sahani ya duara ya chini inayopitishwa juu ya ardhi, ya sentimita 28, ya ule muundo wa nyaya mbili zilizopishana kama herufi mbili za D. Inaweza kutuma masafa kadhaa, yaani mawimbi yenye kasi tofauti za mtetemo, kwa wakati mmoja, au masafa moja atakayochagua mtumiaji kati ya kilohezi 5, 10, 15, 20 na 40. Usikivu wake hupangwa kuanzia 1 hadi 25 na kasi ya kupokea milio kuanzia 1 hadi 8, na kila kitu kinachopita chini ya koili hupewa namba kati ya −9 na 40, ambapo namba zilizo chini ya sifuri kwa kawaida huashiria chuma. Inavumilia maji hadi kina cha mita 3.

Nilianza kuielewa pale nilipoelewa inachokipima. Koili hutuma uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Metali ikikutana na uga huo huzaa mikondo midogo ya umeme ndani yake, na mikondo hiyo hurudisha uga wake kwa kuchelewa kidogo. Ni kuchelewa huko ndiko kunakogeuzwa kuwa namba. Fedha na shaba, zinazopitisha umeme vizuri, huipa mikondo hiyo nafasi ya kudumu, kwa hiyo namba yake hupanda. Karatasi ya alumini na pete nyembamba ya dhahabu hufifia upesi, na zote mbili huangukia katika sehemu ileile ya chini. Hapo ndipo wengi tunapojipunja. Mtu anayefunga namba za takataka ili masikio yake yapumzike huwa amezifunga na pete ndogo humohumo, bila kujua.

Nianze na usikivu, kwa sababu ndio uliosumbua akili yangu kwa muda mrefu. Nilidhani kuupandisha ni kuongeza kina, kwa hiyo kuupunguza nikauona kama kutupa nusu ya mashine niliyoinunua. Ukweli ni kwamba uga huu hudhoofika kwa kasi kubwa mno unapokwenda na kurudi: kitu kidogo kikizikwa mbali mara mbili zaidi kutoka kwenye koili, mwangwi wake hupungua takriban mara 64. Kwa hesabu hiyo, hatua mbili tatu za usikivu huongeza kina kidogo sana, lakini huongeza kelele za ardhi na za nyaya za umeme kwa kiasi ambacho sikio halivumilii. Siku hizi huanza na 18, na hupandisha tu ikiwa mashine imetulia kimya ninapoisogeza hewani na ardhini. Chini ya nyaya za umeme huteremka hata hadi 12 baada ya kubonyeza kitufe cha kuondoa mwingiliano, nikiwa nimeishikilia koili pasipo kuitikisa hadi mashine ijichagulie njia iliyo tulivu. Mwingiliano ukizidi, huacha masafa mengi na kuchagua masafa moja. Mara nyingi kelele hukatika papo hapo.

Hatua ya pili ni kusawazisha ardhi, nayo ni ya dakika moja tu ingawa nimewaona wengi wakiiruka. Hutafuta kipande cha ardhi kisicho na metali yoyote, nikabonyeza na kushikilia kitufe chake, kisha nikawa napandisha na kuteremsha koili kama mtu anayetwanga polepole, bila kuigusisha ardhi, hadi ule mlio wa kupanda na kushuka ufifie. Kwenye udongo mwekundu wenye madini mengi ya chuma tofauti yake ni kubwa. Niliwahi kuzika sarafu ya shaba katika udongo wa namna hiyo, kina cha kiganja kimoja, nikapitisha koili kabla ya kusawazisha: mlio ulikuwa mkavu na wa kukatikakatika, namba zikirukaruka kati ya 8 na 27, na kusema kweli ningeipita. Niliposawazisha, sarafu ileile mahali palepale ilinipa mlio wa mviringo na namba ambayo haikusogea zaidi ya mbili huku na huku. Tangu siku hiyo huwa sina imani na majaribio ya kupunga sarafu hewani mbele ya koili, ambayo wauzaji huyapenda sana, kwa maana hewa haina madini ya kuisumbua mashine.

Uwanja wa nyasi wanakokusanyika watu ni rahisi kuupanga na mgumu kuuvumilia. Udongo huwa mpole, lakini juu yake kumetapakaa vizibo vya chupa, vishikizo vya makopo na vipande vya karatasi ya alumini. Mpangilio wa kiwandani uliotengwa kwa maeneo ya aina hii unatosha. Ninachobadilisha ni milio tu, nikichagua milio mitano badala ya mmoja, ili chuma kisikike kwa sauti nzito na fedha kwa sauti nyembamba, na sikio liamue kabla ya jicho kutazama namba. Kizibo cha chuma hudanganya mara nyingi kwa kutoa namba nzuri, lakini ukikifuata kwa kuisogeza koili taratibu hadi ukingo wake tu upite juu yake, mlio huanza kukwaruza, na hapo hujisaliti.

Shamba lililolimwa sina mengi ya kulisemea. Koili ibaki karibu na matuta kadiri inavyowezekana, kasi ya kupokea iwe ya wastani, na mtu atembee bila haraka.

Mahame ndiyo yaliyonifanya niiheshimu mashine hii. Mahali palipokuwa na nyumba za mbao na mabati, zikaanguka na kuozea hapohapo, ardhi huwa na misumari kuliko kokoto. Mara ya kwanza nilipoingia na mpangilio wangu wa uwanjani nilisikia ukimya mrefu uliokatizwa na miguno, nikahitimisha kwamba hapana kitu. Kumbe kasi ya kupokea ilikuwa 3: baada ya kila msumari mashine ilihitaji muda wa kujikusanya kabla ya kusikia kingine, na katika muda huo koili ilikuwa imeshavuka chochote kilichokuwa kando ya msumari huo. Niliporudi wiki iliyofuata niliiweka 7, nikateremsha usikivu hadi 16, nikafungua namba zote ili nisikie na chuma chenyewe, na nikapunguza ule upendeleo wa chuma unaoilazimisha mashine kuita chuma kila mlio wenye mashaka. Juu ya hayo nilibadili koili, nikafunga ndogo ya sentimita 15, ambayo huona eneo dogo kwa wakati mmoja na hivyo hutenganisha vizuri zaidi vitu vilivyobanana.

Nusu ya kwanza ya asubuhi ile ilikuwa fujo tupu, maana upendeleo wa chuma ukishushwa, misumari iliyopinda huanza kujidai kuwa fedha. Lakini karibu na kile kilichoonekana kuwa kizingiti nilipata mlio mwembamba uliosikika koili ilipokwenda kushoto na kupotea iliporudi kulia. Nilizunguka nyuzi 90 nikapitisha tena: ukasikika pande zote mbili, mfupi, kama mtu anayegonga bilauri kwa ukucha. Nilichimba nikatoa msumari wa kwanza, nikapitisha shimoni kifimbo cha kubainishia mahali hasa metali ilipo, nikatoa wa pili, na katikati yao, kikiwa kimesimama kwa ukingo wake, kikatoka kifungo bapa cha shaba chenye kitanzi kizima nyuma. Thamani yake kwa pesa ni ndogo. Hata hivyo nilikuwa nimepita juu yake wiki moja kabla, tena kwa mashine hiihii.

Katika mahame hayo nilikumbuka kisa cha mwaka 1881, pale Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alipojaribu kuitafuta risasi iliyokwama mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani aliyekuwa amepigwa risasi. Kifaa chake cha umeme hakikufanikiwa kuonyesha ilipo, na miongoni mwa sababu zinazotajwa sana ni springi za chuma za kitanda alicholalia mgonjwa. Misumari ya mahame ndiyo springi zangu.

Ufuko nao ni maeneo mawili yaliyolala pamoja, na mtu asipolijua hilo atairudisha mashine dukani. Mchanga mkavu, ule ambao maji hayaufikii, hauna shida: madini ni machache, usikivu unaweza kupanda hadi 22, na koili kubwa inafaa kwa sababu vitu huzama kwa urahisi. Lakini mara tu unapovuka alama ya maji, mchanga uliolowa chumvi huanza kupitisha umeme wenyewe, na mashine huuona kama karatasi pana ya metali isiyo na mwisho. Nilipojaribu masafa moja ya kilohezi 20 pale, ililia mfululizo hata nikiwa nimeishikilia tu bila kuifyagia. Huwezi kuuondoa mlio huo kwa kuteremsha usikivu, labda uteremshe hadi mashine isisikie lolote.

Masafa mengi kwa pamoja ndiyo dawa yake, na hapa pesa ya ziada niliyolipa ilirudi. Chumvi huitikia masafa ya juu kuliko ya chini kwa namna isiyofanana na metali, na mashine inayolinganisha masafa hayo kwa wakati mmoja inaweza kuitoa chumvi katika hesabu. Kwa mpangilio wa ufukoni, usikivu 17, na kusawazisha ardhi upya kila ninaposhuka hatua chache kuelekea majini, hutulia kiasi cha kunishangaza. Gharama yake ipo: vitu vidogo sana vya dhahabu, kama vipuli au mkufu mwembamba, hupotea pamoja na chumvi, kwa kuwa mwitikio wake unafanana nayo mno. Pete nene husikika. Mimi huenda huko wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hadi mbali, nikafuata mstari wa chini kabisa huku koili ikigusa mchanga kwa wepesi na kwa urefu uleule mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kwenye mchanga wa chumvi kuinua koili sentimita chache tu mwishoni mwa mfyagio hutosha kuzusha mlio wa uongo. Penye mchanga mweusi, ambao una chuma cha sumaku, hupunguza tena hadi 13 na kukubali kwamba kina kimepungua.

Kuna malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba mipangilio mingine imefichwa: upendeleo wa chuma, kwa mfano, haupatikani kwa kubonyeza kitufe kimoja, bali kwa kushikilia kimoja hadi orodha ya pili ijitokeze, na mwenye mikono yenye mchanga hulazimika kurudia mara tatu. La pili ni kwamba nafasi ya kuhifadhi mpangilio wangu binafsi ni moja tu, ilhali mimi natafuta katika maeneo manne. Betri, uzito na mshiko wake sina la kulalamikia, isipokuwa kwamba koili kubwa, majini, huvutana na mkono kama kasia.

Kwa anayeanza, nisingemshauri aguse kila kitu siku ya kwanza. Achukue sarafu, msumari na kipande cha karatasi ya alumini, avizike kila kimoja kwa kina cha kiganja katika ardhi anayokusudia kuitafuta, na abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja huku akisikiliza. Mimi huandika namba hizo kwenye kijitabu kidogo: eneo, hali ya unyevu, usikivu, kasi, namba ya kusawazisha ardhi. Ile nafasi moja ya kuhifadhi nimeipa mpangilio wa mahame, kwa kuwa ndio mrefu kuupanga. Mingine naisoma kijitabuni nikiwa nimesimama ukingoni mwa eneo, kabla koili haijashuka chini.