Chipu au dawa: wapi thamani inadumu?

Kijana wa Mbeya akiniuliza asomee vifaa vya kompyuta au utafiti wa dawa, namwelekeza kwenye dawa. Chipu zina pesa, sibishi, ila zinapitwa upesi: kampuni ya Nvidia ilitangaza H100, chipu ya akili mnemba, mwaka 2022, na 2024 ikatangaza Blackwell yenye nguvu zaidi. Rifampicin, dawa ya miaka ya 1960, bado ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu. Programu ya akili mnemba kama AlphaFold hutabiri umbo la protini, jambo linalosaidia kutafuta dawa. Haituambii kama ini la mgonjwa wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, litahimili dozi ya dawa. Hilo hujulikana kwa kupima makohozi na damu, wiki baada ya wiki, kazi ambayo NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) tawi la Mbeya inaifanya. Matokeo hayo huendelea kuongoza matibabu hata hataza ya dawa (haki ya pekee ya mvumbuzi) ya miaka 20 ikishaisha.