MikroTik hAP ac² kwa wifi ya wageni pa biro, mi nitarudilia kuinunua

Tuko na biro ndogo hapa Bukavu, upande wa Nyawera, watu wanaingia siku yote, na mgeni hata kiti hakijapata joto neno la kwanza ni "nipatie kode ya wifi". Kode ilikuwa moja tu, ileile ya wafanyakazi, basi ilizunguka kwa simu za watu, jioni unakuta vijana wamesimama inje ya ukuta wanashusha filamu na mega zetu zinaisha mbele ya mwisho wa mwezi. Na kibaya zaidi, siku moja mgeni alinionyesha dosye za mishahara kwa simu yake mwenyewe. Nilipata haya sana.

Sasa tumeweka hii MikroTik, ruta ya kugawa wifi, kisanduku kidogo cheusi chenye milango 5 ya kebo. Naipenda juu hotspot (programu ya kuingiza wageni kwa wifi, kila mtu na kode yake) iko ndani yake yenyewe, haiombi ordinatere ibakie imewaka pembeni, na sisi wenye umeme unaenda unarudi hilo ni jambo kubwa, batri ndogo inatosha kuishikilia. Mgeni akikonekte anaona ukurasa wa kuingilia, sekretere anamupatia jina na kode yake peke yake, kwa limit-uptime (muda mgeni anaruhusiwa) nimeweka masaa 2, yakiisha yameisha. Kwa rate-limit (mwendo wa internet ya kila mgeni) nimeweka 1M/3M, ni kusema megabiti 1 na 3 kwa segonde, na hapo muangalie vizuri ndugu zangu, namba ya kwanza ni ya kupandisha, ya pili ya kushusha, ukizigeuza watu watalia video inakwama. Shared-users (simu ngapi zinatumia jina moja) iache kwa 1, ili jina moja lisiingie kwa simu mbili. Kufungia mtu kwa MAC (namba yenye simu inajitambulisha nayo kwa wifi) usipoteze muda, toka Android 10 na iOS 14 simu zinaonyesha MAC ya kubuni.

Lakini ule ukurasa peke yake hautenganishi kitu! Wageni wapatie bridge yao (rezo yao ya pembeni ndani ya ruta) na adresi zao, kisha faiawoli (mulinzi wa rezo) iwakatalie njia ya kwenda kwa rezo ya biro, bila hiyo dosye zitaonekana tena. Na usiache wifi ya wageni wazi, weka WPA2 (ulinzi wa wifi kwa kode) hata kama kode yake imebandikwa kwa ukuta, juu bila hiyo mtu wa pembeni anaweza kunasa yenye inapita hewani.

Nyota 4 kwa 5. Winbox (programu ya kupangia MikroTik) iko na menyu nyingi mno, kama hujazoea mambo ya rezo lipa fundi, na asiondoke mbele sekretere hajajua kuongeza mgeni yeye mwenyewe.