Barolo au ndugu zake? Chupa za Nebbiolo, kuanzia ninayoinunua kwanza

Anayeonja Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia, mara ya kwanza hudanganywa na rangi. Mvinyo umepauka kuelekea wekundu wa tofali, hata vidole vyako unaviona upande wa pili wa glasi. Unapiga funda, ulimi unakamatwa kama umeng'ata bibo. Ukakasi huo ndio tabia ya zabibu ya Nebbiolo. Ukishauzoea, unaanza kunusa waridi, cheri na, ajabu kidogo, lami. Kama umezoea mvinyo mwekundu mtamu, jua mapema kwamba huu ni mkavu.

Nebbiolo ni ya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, na makao yake makuu ni vilima vya Langhe kuzunguka mji wa Alba. Huchelewa kuiva, hadi Oktoba ukungu unapotanda mabondeni. Wengi husema jina lake limetoka kwenye neno nebbia, yaani ukungu. Mimi huchagua kwa swali moja tu: nitaifungua lini?

Ya kwanza: Barbaresco. Zabibu ni hiyo hiyo, lakini Mto Tanaro uko karibu, hivyo huiva mapema kidogo. Sheria inadai miezi 26 ya kukomaa, wakati Barolo inadaiwa 38. Kwa hiyo haikulazimishi kusubiri sana. Tafuta ya ushirika wa Produttori del Barbaresco. Mwaka 1958 padri wa kijiji aliwakusanya wakulima wadogo 19, na mavuno yao ya kwanza wakayasindika chini ya kanisa. Hadi leo ni Nebbiolo tupu wanayotengeneza, na kwa ubora ule bei yao ni ya kiungwana.

Ya pili: Langhe Nebbiolo. Hii ni ya kunywa wikendi hii. Siri yake ni kwamba mtengenezaji wa Barolo anaweza kuweka jina hili kwenye mvinyo wa mizabibu yake michanga. Basi soma jina la mtengenezaji kwanza, ndipo uangalie jina la eneo.

Ya tatu: Barolo yenyewe. Naam, ya tatu, maana wengi wetu hatuna subira. Eneo lake lina vijiji 11, na kijiji ni muhimu. La Morra na kijiji chenyewe cha Barolo kwa kawaida hutoa mvinyo laini wenye manukato. Serralunga d'Alba na Monforte d'Alba hutoa ule wenye misuli, unaoweza kuhitaji miaka kumi au zaidi. Ukiona neno Riserva, umekomaa si chini ya miezi 62. Mavuno ya 2016 ni hazina ya kuweka. 2014 mvua ilisumbua, hivyo chagua kwa uangalifu.

Ya nne: Gattinara, kaskazini zaidi, ambako Nebbiolo huitwa Spanna. Ni nyembamba na chachu zaidi. Ukiipata kwa bei nzuri, chukua.

Ya mwisho: Barolo ya bei ya kutupa. Hapo unalipia jina. Pesa hiyo hiyo inakupa Langhe Nebbiolo ya mtu makini, nawe utafurahi zaidi.

Dukani, angalia shingo ya chupa: Barolo, Barbaresco na Gattinara lazima ziwe na ukanda wa karatasi wenye herufi DOCG, yaani daraja la juu kabisa la mvinyo kwa sheria ya Italia, na namba. Chupa iliyosimamishwa miezi kadhaa dirishani penye jua, iache hapo hapo hata ikipunguzwa bei. Kizibo kikisukumwa nje kidogo, joto limeshaingia kazini.

Mezani, upe mvinyo huu nyama yenye mafuta, mbavu za mbuzi kwa mfano, maana mafuta hutuliza ukakasi. Na usisahau friji, nusu saa kabla ya kumimina. Hilo "joto la chumba" wanalolisema wauzaji ni nyuzi 16 hadi 18, si sebule ya Dar es Salaam mwezi Februari.