Kiti cha magurudumu cha kukunja cha mwanangu, miezi saba tangu tukichukue

Hiki ni kiti chake cha pili. Cha kwanza tulikosea, na kosa lenyewe ni lile wazazi wengi tunalifanya, tulichukua kikubwa ili akue nacho. Mwanangu ana miaka saba, ana mtindio wa ubongo, miguu ndo haina nguvu ila shingo iko imara na mikono anaitumia vizuri. Tulienda duka moja la vifaa tiba hapa Dar, muuzaji hakumpima mtoto wala hakuuliza chochote, akatutolea kiti cha chuma cha inchi 18, vile vile vya wodini vya kumsukumia mtu mzima, akasema kitamfaa mpaka awe kijana. Tukashukuru kabisa. Baada ya miezi mitatu mtoto akawa anakaa kaegemea upande mmoja maana hakuna kinachomshika, makalio yanateleza mbele, miguu inaning'inia, na mikono haifiki kwenye ringi za kusukumia magurudumu kwa hiyo hata kujisukuma hawezi, anasubiri mtu aje. Mi nikajua hali ndo inazidi. Kumbe kiti.

Cha sasa tumekipata kwenye karakana ya viti ambayo yule dada wa mazoezi ya viungo ndo alituelekeza, na nyota zangu tano zote nawapa kwa sababu ya kupima. Fundi alimkalisha mtoto kwenye benchi gumu, mgongo umenyooka, viatu vya shule miguuni maana na soli nayo inahesabika, akapima nyonga sentimita 25, toka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti 32, goti mpaka kisigino 28. Nikamwambia fundi tuache nafasi basi si bado anakua, akanijibu, "Mama, kiti sio sare ya shule." Akanielewesha kuwa kiti kikiwa kipana mtoto anajilaza upande na mgongo unaanza kuzoea kupinda, na kikiwa kirefu kwenda mbele ukingo unamgonga nyuma ya goti ndo maana anateleza. Akatoa cha inchi 11, yaani kama sentimita 28, kila upande kiganja changu kinapita kwa kubana, na nyuma ya goti vinaingia vidole viwili. Cha kuongezwa akikua ni sehemu ya kukanyagia, ina matundu unashusha, na mgongo wa kiti nao unapanda kidogo.

Halafu kuna kitu sikuwahi kuona mtu anafanya. Mtoto akiwa ameshakaa, fundi akapenyeza vidole chini ya makalio, kati yake na mto, akatafuta ile mifupa miwili ya kukalia, akasikilizia. Akaniambia na mi niweke. Upande wa kulia vidole vilibanwa mpaka sikuweza kuvichezesha, akasema hapo ndo kidonda kingeanzia, akachukua mto akachonga sponji upande ule, tukarudia tena, vidole vikacheza. Nyumbani akaniagiza kila jioni nimvue nimtazame, wekundu usipopotea ndani ya nusu saa nirudi, nisisubiri siku ya miadi.

Sasa kiti chenyewe. Ni cha alumini, nilikipima kwenye mizani ya mangi wa mtaani kwetu kikasoma kilo 11 na nusu, kile cha chuma kilikuwa 19, na mtu ambaye hajawahi kubeba kilo 19 mkono mmoja huku mtoto yuko mgongoni hawezi kujua hiyo tofauti ni nini. Kukunja unatoa mto, unainua vya kukanyagia, unashika kitambaa cha kukalia mbele na nyuma katikati unavuta juu, kimefunga. Kufungua ndo muwe makini, sukuma zile bomba mbili za kukalia kwa viganja, vidole vikiangalia ndani, ukizungushia vidole kwenye bomba vinabanwa pembeni na vinaumia kweli, mi siku ya kwanza kimoja kilivilia damu. Kwenye bajaji kinakaa nyuma ya siti. Mwendokasi tunapanda bila kukunja kabisa maana jukwaa la kituo liko usawa na mlango wa basi, shida pale ni watu saa ya asubuhi, tunangoja la tatu au la nne.

Kasoro zipo na nazisema. Magurudumu ya mbele ni madogo, kwetu Kimara ukiacha lami ni mchanga na mawe, yanazama, inabidi ukiinamishe nyuma utembelee yale makubwa tu, na mteremko mkali unashuka kinyumenyume mtoto akiangalia juu. Nyuzi na nywele zinajiviringa kwenye ekseli zake, natoa kila Jumapili kwa wembe. Kitambaa cha kukalia kinaanza kubonyea katikati, fundi ameniwekea kibao chini ya mto na hicho nacho lazima ukitoe kabla ya kukunja. Nati zinalegea kuliko kiti kisichokunjwa, kaa na spana nyumbani. Ila tairi za nyuma ni inchi 20, tyubu ni ile ile ya baiskeli ya mtoto, ikitoboka fundi baiskeli yeyote anaziba, na hilo mliulize kabla hamjatoa hela.

Kwa mtoto ambaye shingo haijakaza au anaanguka mbele akikalishwa, tafadhali msichukue aina hii hata kama ni nyepesi na bei imewafurahisha. Huyo anahitaji kiti chenye vya kumshikilia kichwa na mbavu, na apimwe na mtaalamu.

Tulilipa laki saba na ishirini pamoja na mto, kwa awamu mbili. Ilituuma. Wiki ya pili mwanangu alitoka chumbani mwenyewe, akajisukuma mpaka mlangoni akawaita wenzake wacheze, mi nikiwa jikoni nikasikia tu ringi zinagonga kizingiti. Wiki iliyopita nimeona magoti yameanza kupanda juu ya nyonga, kwa hiyo Jumatano tunarudi karakana kushusha tundu moja.