Sura ya marehemu baba kwenye jiwe: uzoefu wangu na fundi wa leza, Dodoma

Marehemu baba alikuwa na jiwe lake. Liko pembeni ya shamba letu, upande wa Chamwino, jiwe la graniti lenye wekundu wa mbali, kimo cha kiti. Jioni alikuwa analikalia akinoa jembe. Tulipokubaliana kulijengea kaburi lake, mimi nilishaamua: sura yake ichorwe kwenye jiwe lile lile. Nikabandua kipande, nikakitia kwenye kiroba, nikapanda nacho gari hadi mjini kwenye karakana moja inayochora kwa leza. Konda alinitoza nauli ya mzigo.

Mvua za msimu mzima zimeshapita juu ya kazi ile, ndiyo maana sasa naweza kuisema.

Fundi alikigeuza kile kipande mara mbili. "Kaka, haya mawe yetu ya Dodoma hayapatani na leza. Ila ngoja tulijaribu, uone mwenyewe." Hapo alinipendeza, maana angeweza kula hela yangu kimya kimya.

Mashine yake ni meza pana yenye mfuniko, na ndani kuna kichwa kinachokwenda na kurudi mstari kwa mstari. Mwanga wenyewe hauonekani kwa macho. Unachoona ni cheche ndogo pale mwanga unapogusa jiwe. Unatoka kwenye mrija wa kioo unaopozwa kwa maji, na maji yanatoka kwenye ndoo yenye pampu. Ilikuwa mwezi wa 11, na joto la Dodoma mwezi huo mnalijua. Kila baada ya muda fundi alikuwa anatumbukiza chupa ya barafu ndani ya ndoo, kwa sababu maji yakipata moto mrija unadhoofika na mwishowe unakufa.

Jiwe langu lilitoka vibaya. Herufi moja inaonekana, inayofuata imemezwa. Akanipa lenzi nitazame: graniti yetu ina chembe kubwa za aina tofauti, na kila aina inapokea moto kivyake. Nyingine inapasuka na kuwa nyeupe, nyingine inayeyuka kidogo na kung'aa kama kioo, nyingine inabanduka tu. Jina la baba lilikuwa kama tangazo la uchaguzi uliopita ukutani.

Kisha akachukua kipande cha marumaru nyeupe. Hapa nieleze, maana mjini kwetu ukisema marumaru watu wanajua ni vigae vya sakafuni. Hii ni marumaru yenyewe. Alidondoshea tone la ndimu ikatoa povu jembamba, akasema ndivyo anavyoitambua. Leza ikipita juu yake inaacha unga mweupe kama chokaa, lakini nyeupe juu ya nyeupe unaisoma kwa kidole kuliko kwa jicho. Lazima upake rangi nyeusi kwenye herufi halafu ufute ya juu. Kwa jina inafaa. Kwa picha ya mtu hapana. Alikuwa pia na mawe laini ya Kisii, yale ya vinyago, lakini hayo hata yeye anasema heri tindo.

Cha tatu kilikuwa graniti nyeusi iliyosuguliwa hadi ikawa kioo, na hapo nikanyamaza. Leza haichimbi kwenye jiwe hili kama nilivyodhani. Inavunjavunja ngozi ya juu tu, na pale ilipovunjika panageuka kijivu cheupe. Kwa kuwa chembe zake ni ndogo na zimelingana, hata mikunjo ya paji la uso inatoka. Nikawaza michoro ya Kolo kule Kondoa, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Wale wazee waliongeza rangi juu ya mwamba, huyu anachubua mwamba wenyewe.

Tukakubaliana kibao cha sentimita 60 kwa 40, unene sentimita 2. Uzito wake kilo 13 hivi, msiende kuchukua na bodaboda. Nililipa shilingi 220,000 kwa jiwe na kuchora, nusu kwanza.

Sasa malalamiko. Nilipofuata kazi, nilimkuta mtu nisiyemjua. Mvi za baba zilikuwa nyeusi tii, uso umepauka, macho meupe. Kijana wa karakana alisahau kugeuza picha. Kwenye karatasi mashine inachapa sehemu za giza, lakini kwenye jiwe jeusi inatakiwa ichome sehemu zenye mwanga, yaani kinyume chake. Walirudia kwa gharama yao kwenye kibao kingine, sina neno, ila nilipoteza siku 9 na ndugu walishafika kutoka Singida. Dai jaribio la picha kwenye kipande cha jiwe hilo hilo kabla ya kulipa nusu. Na usikubali herufi zenye vimkia vyembamba. Tarehe ya kuzaliwa ilibidi niombe iandikwe upya kwa maandishi manene. Rangi ya dhahabu niliyoongeza kwenye jina imeshaanza kubanduka pembeni. Pesa ya bure ile.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza: jiwe likilowa, sura inafifia. Mvua ya kwanza mama alinipigia simu akiwa na hofu kwamba baba kafutika. Jua lilipowaka akarudi. Maji yanajaa kwenye ile mikwaruzo na weupe unapotea, basi.

Kumbe mafuta nayo hufanya vivyo hivyo, ila hayakauki. Shangazi alikuja kufagia kaburi akaona kibao kimeshika vumbi, akakipaka mafuta ya alizeti king'ae. Shavu lote la kushoto likazama. Fundi alinielekeza kwa simu: sabuni ya unga, brashi laini, halafu kitambaa chenye thina, kurudiarudia. Imerudi karibu yote.

Lile jiwe la shambani hatukuliacha. Fundi wa tindo alichonga bapa upande mmoja wa jiwe, tukakipachika kibao humo kwa gundi ya mawe, na watu sita wakalisukuma hadi kichwani pa kaburi. Karakana ile nitarudi, maana babu naye bado hana kibao. Safari hii nitakwenda na picha iliyokwisha kugeuzwa, na shangazi ameshaambiwa habari ya mafuta.