TAHADHARI: Honda CG125 "za mradi" zinazozungushwa Kigoma, ndani ni Mchina

Wakuu, hasa mnaotafuta pikipiki ya mkononi hapa Kigoma Mjini, Ujiji na Mwandiga: kuna jamaa anazungusha Honda CG125 za zamani akidai zilikuwa za mradi wa wakimbizi kule Kasulu. Mimi kaniingiza mjini kwa shilingi 1,450,000. Jina silitaji kwa sababu RB nimeshachukua na suala liko polisi, ila mchezo wake nausema wote.

Mdomo anao. "Kaka, hii ni Honda ya Mjapani mwenyewe, siyo hivi vikopo vya siku hizi." Hapo ndipo aliponishika, maana mimi ni mtu wa CG tangu utoto. Marehemu baba alikuwa nayo. Silinda moja, injini ya pushirodi (vijiti vinavyosukuma valvu) isiyo na cheni ya taimingi ya kukusumbua, unaweka uwazi wa tapeti milimita 0.08 injini ikiwa baridi, unabadilisha oili kwa wakati, basi. Nabeba dagaa kutoka Kibirizi kupeleka Kalinzi, na milima ya barabara ya Manyovu mnaijua. Nilijiona nimeokota dodo chini ya mnazi.

Alinifikia nyumbani Mwanga asubuhi, pikipiki ikinguruma tayari. Sikujiuliza kwa nini hakuizima. Nikashuka nayo hadi stesheni, nikageuza, ule mlima wa Lumumba ikapanda bila kukohoa. Moshi sikuuona. Kadi akanionyesha picha kwenye simu: "Yenyewe iko kwa bosi Kasulu, nakuletea Jumatatu." Nikatuma pesa. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, akasema ni wifi yake, na mimi na akili zangu timamu nikabonyeza namba ya siri. Jumatatu hiyo naisubiri mpaka leo.

Wiki ya pili, nikiwa na magunia mawili napandisha Kalinzi, nikageuka nyuma nikakuta moshi wa bluu umejaa barabara nzima. Klachi nayo ikaanza kuteleza. Nikairudisha kwa fundi wangu. Alipofungua nati ya chini, oili haikumwagika, ilining'inia. Ikashuka taratibu kama asali, ikinuka gia boksi ya lori. Oili nzito namna hiyo inaziba uwazi wa ringi zilizokwisha na kumeza kelele za tapeti kwa siku chache. Ukiibebesha mzigo ikapata moto sawasawa, inakuwa nyepesi na siri inatoka. Isitoshe, klachi ya CG inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, ndiyo maana nayo ililalamika.

Sasa uzuzu wangu mwingine. Kabla hata bloku haijavuliwa, nilishaagiza pistoni na ringi za CG125 kutoka Mwanza, eti naokoa muda. Kifurushi kikaja na basi. Fundi akavua bloku, akaifuta kwa kitambaa, akaitumbukiza pistoni mpya kwa juu. Ikapita moja kwa moja, ikatua kwenye kiganja chake chini. Tukatazamana. Yeye akacheka.

Pistoni ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5. Tundu la bloku ile, tulipopima kwa kipimo cha venia, lilikuwa 62 na ushee.

Akachukua mswaki mkuukuu na petroli kidogo, akalala ubavu na kusugua sehemu ya namba ya injini chini kushoto, palipokuwa pamepakwa rangi nyeusi na kusiribwa grisi. Zikatoka moja moja: 1, 6, 2, kisha FMJ. "Kijana wangu, hii ni Mchina." Hizo ni namba za injini za Kichina: 1 ni silinda moja, 62 ni kipenyo cha silinda, na J mwishoni ni daraja la cc 150. Kava za pembeni zenye neno HONDA zilikuwa za kweli kabisa, zimehamishwa tu. Wachina waliinakili CG kiasi kwamba injini inakaa kwenye fremu ya Honda bila ugomvi, na kwa macho huwezi kushtuka.

Sisemi injini hiyo ni mbovu. Ni ngumu, na spea zake Mwanga hazikosekani, nimeshaiwekea pistoni yake na inatembea. Ila nimeilipia bei ya Honda, tena iliyochoka. Na ile picha ya kadi ninayo bado: namba ya injini inaanza na CG125E. Nikienda TRA kubadilisha umiliki nitasema nini? Trafiki akiinama kuangalia, nitaeleza mpaka jioni. Fremu yenyewe sijui ni ya nani.

Kwa hiyo akikuletea, shika bloku kwa mkono kwanza. Ikiwa ya moto, mwambie aiache hapo ilale mpaka ipoe, uipige kiki mwenyewe. Chomoa kijiti cha oili uionje kwa vidole viwili, ikivutika kama ulimbo, mrudishie. Nenda na mswaki wako, soma namba ya injini na ya shingo ya fremu, na ukiona chuma kimepigwa tupa hadi kinang'aa, ondoka. Kadi iwe mkononi, siyo kwenye simu, na muende wote TRA kabla ya pesa kutoka. Akianza habari za bosi wa Kasulu, umeshamjua.

Juzi kaonekana stendi ya Mwandiga na nyingine nyekundu, tangi limepakwa rangi upya, ubavuni ina stika ya mradi iliyobanduka nusu. Yangu nayo ilikuwa na stika ileile, imebanduka palepale. Kama nawe ulishapigwa, nenda kituoni ufungue kesi yako, malalamiko yakiwa mengi hawatayalalia.

Na anayehitaji pistoni ya CG125, mpya, 56.5, haijawahi kuwashwa, ninayo.