Mashine za kuchonga midomo ya bomba: tikisa shafti kabla ya kulipa

Malalamiko ya wasomaji yanafanana: mdomo wa bomba, yaani mkato wa kupinda unaoliwezesha kukalia bomba jingine, umetoka mpana upande mmoja, meno ya msumeno yamepukutika, na bomba mbili zikikutanishwa panabaki mwanya usiofaa kuchomelea. Wengi wanalaumu msumeno. Mimi nashuku shafti, mhimili unaozungusha msumeno.

Uzito, kipenyo kikubwa kabisa cha bomba na pembe ya mwisho ya nyuzi 60 vimeandikwa kwenye boksi, utavisoma mwenyewe. Kisichoandikwa ni mlegezo wa shafti ndani ya bushi, silinda fupi inayoishikilia. Msumeno wa tundu, ule wa duara kama kikombe chenye meno, ukitoboa bati huongozwa na keekee ya katikati. Kwenye kazi hii keekee hiyo kwa kawaida huondolewa, kwa hiyo kiongozi ni shafti peke yake. Tena meno hayali chuma mfululizo: yanagonga ukuta wa bomba, yanapita hewani, yanagonga tena. Shafti ikicheza, tundu linapanuka na meno yanakatika. Basi isukume itokeze mpaka mwisho, shika ncha yake, tikisa juu na chini, kisha kulia na kushoto. Ikigonga, iache hapo hapo dukani.

Namba moja kwangu ni mashine ya msumeno wa tundu ambayo shafti yake imeshikwa kwa urefu wa kutosha, kwa beringi mbili au bushi ndefu ya shaba inayoweza kubadilishwa. Msumeno wenyewe nachukua wa chapa ya Lenox, wa bimetali (metali mbili zilizounganishwa), na sifichi upendeleo. Kwa msumeno wa milimita 38 kwenye chuma laini, lenga mizunguko kama 230 kwa dakika, na mafuta ya kukatia. Drili ya mkono ikibanwa mpaka mwisho inaweza kupita hapo mbali sana, na meno yanaungua.

Ya pili ni mashine ya mkanda wa msasa. Inachonga haraka na safi, haina meno ya kukatika, ila kila kipenyo kinadai rola yake ya kuzungushia mkanda, na rola zinauzwa kando. Ya tatu ni ya kikataji cha milingi, chuma kizito chenye meno kinachozunguka na kuchonga: mdomo wake ni mzuri kuliko wote, lakini inataka mashine nzito na karakana yenye kazi kila siku. Zile za wenzo, zinazokata mdomo kwa kubana kwa nguvu ya mkono, ni za haraka, ila bomba lenye ukuta mwembamba hubonyea.

Grenda na kiolezo cha karatasi? Kwa kazi ya mara moja, sawa.

Sasa wauzaji. Wanafungasha mashine na seti ya misumeno ya inchi kamili kana kwamba kila bomba linafuata inchi. Bomba la maji la inchi moja lina kipenyo cha nje cha milimita 33.4, kwa hiyo msumeno wa milimita 25 uliomo kwenye seti hautakufaa hapo. Unatakiwa wa 33. Kinachopimwa ni nje ya bomba linalopokea, si jina lake. Halafu hizo nyuzi 60 wanazozitangaza: kadiri pembe inavyolala ndivyo mdomo unavyorefuka, na msumeno mfupi unagota kitako kabla haujamaliza kukata. Uliza kina cha msumeno. Uliza pia bushi za akiba zinauzwa wapi. Akianza kukuonyesha rangi ya mashine, ondoka.